Jackie Coogan: Mtoto Aliyechekesha Dunia, na Feza Yake Ikaliwa



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wakubwa tumezoea kusoma habari za wafalme, wavumbuzi na majenerali. Safari hii tumechagua mtoto. Ndiyo, mtoto, ambaye alipokuwa na miaka sita tu alijulikana Marekani na Ulaya kupita mawaziri wengi. Jina lake ni Jackie Coogan. Alifariki tangu mwaka wa 1984, lakini sheria moja ya jimbo la California inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Hakuitunga yeye. Inaitwa hivyo juu ya hasara iliyompata. Basi tukae vizuri, tusikilizane.

KUZALIWA KWAKE

Jackie alizaliwa Los Angeles tarehe 26 Oktoba 1914. Baba yake, Jack Coogan, alikuwa mtu wa jukwaa: kazi yake kucheza na kuchekesha watu katika nyumba za michezo, leo mji huu, kesho mji mwingine. Mama yake, Lillian, naye alipanda jukwaani tangu utoto wake. Kwa hiyo mtoto alikua nyuma ya mapazia, kati ya masanduku na taa. Alipokuwa hajajua kusoma alijua tayari kuiga watu: namna wanavyotembea, wanavyokasirika, wanavyoinama kushukuru.

Mwaka wa 1919 mtu mmoja aliingia katika nyumba ya michezo ya Orpheum, pale Los Angeles, akaketi. Mtu huyo ni Charlie Chaplin, Mwingereza, fundi mkubwa wa sinema za kuchekesha. Baba Coogan alicheza, halafu mwishoni akamwita mtoto wake mdogo aje kusalimu watu. Mtoto akaja, akasalimu, akacheza hatua chache za kufurahisha, akaondoka. Watu wakapiga makofi sana, akarudi tena.

Chaplin alirudi nyumbani na picha ya mtoto yule kichwani. Siku chache baadaye akasikia eti Coogan amekwisha kuajiriwa na mchekeshaji mwingine, Roscoe Arbuckle. Chaplin akasikitika kweli, akaona amechelewa. Kumbe aliyeajiriwa ni baba, si mtoto! Alipojua hivyo alitafuta baba mbiombio, akamwomba mtoto, na baba akakubali bila maneno mengi. Chaplin akamjaribu kwanza katika filme fupi ya mwaka ule wa 1919, A Day's Pleasure. Kisha wakaanza kazi kubwa.

FILME YA "THE KID"

Lazima tueleze kidogo habari za Chaplin mwenyewe, maana bila hiyo hatutaelewa filme. Chaplin alizaliwa mwaka wa 1889, akakulia London katika umaskini mkali. Baba yake alikuwa mlevi, mama yake akaugua akili. Alipokuwa na miaka saba, yeye na kaka yake Sydney walipelekwa katika nyumba ya maskini ya serikali, halafu katika masomo ya watoto wasio na watu wa kuwatunza. Tena, katika Julai 1919, mke wake alizaa mtoto wa kiume, na mtoto huyo akaishi siku tatu tu. Mtu mwenye majeraha hayo mawili ndiye aliyeanza kutengeneza filme ya kuchekesha juu ya mtoto aliyetupwa.

Hadithi iko hivi. Mama mmoja maskini, asiye na mume, anaacha mtoto wake mchanga ndani ya motokari ya matajiri, akitumaini watamlea. Wezi wanaiba motokari, wanamkuta mtoto, wanamtupa kando ya takataka. Maskini mmoja mwenye kofia nyeusi na viatu vikubwa, ndiye Chaplin, anamwokota. Anajaribu kumwachia mtu mwingine, haiwezekani, basi anamlea mwenyewe katika chumba chake kibovu. Miaka mitano inapita. Sasa mtoto ni Jackie, na suruali yake ni kubwa kupita mwili.

Wote wawili wako na kazi yao. Mtoto anatangulia katika njia, anatupa mawe, anavunja vioo vya madirisha, anakimbia. Dakika moja baadaye Chaplin anapita na vioo mgongoni, kama fundi asiyejua lolote, na mwenye nyumba anamwita kwa shukrani atengeneze dirisha! Kuna pahali Jackie anainua mkono kutupa jiwe, mkono unagusa kitu nyuma. Anageuka: polisi! Mtoto anaanza kuchezea lile jiwe, kulirusha juu kidogo na kulidaka, sawa mtu asiye na neno. Sinema ile haikuwa na sauti, kila kitu kilisemwa kwa uso na mikono. Mtoto wa miaka mitano aliweza kufanya hivyo vizuri kuliko wakubwa wengi.

Kisha kicheko kinakatika. Watu wa serikali wanakuja kumchukua mtoto kumpeleka nyumba ya yatima. Wanamtupa nyuma ya kamyo. Analia, ananyosha mikono kwa baba yake wa kulea, na Chaplin anakimbia juu ya mapaa ya nyumba kumfuata. Sisi tunaandika habari hii na tunakiri kwamba ni vigumu kuangalia pahali pale na macho makavu.

Lakini je, mtoto alilizwaje? Chaplin ameeleza jambo hilo katika kitabu cha maisha yake. Siku ile Jackie alikuwa na furaha mno, machozi hayakuja. Baba yake akasema kazi hiyo aniachie mimi. Akamchukua mtoto kando, akamtisha kwamba kama halii, atatolewa studio na kupelekwa kweli katika nyumba ya maskini. Mtoto akalia kwa uchungu, na mashini ya picha ikafanya kazi. Chaplin, ambaye yeye mwenyewe alipelekwa katika nyumba kama ile, alikuja kumkumbatia na kumtuliza. Hapo Jackie akamnong'oneza kwamba alijua tangu mwanzo baba anatania tu. Tusiache neno hili lipite haraka. Mtoto aliamini baba yake hawezi kumfanyia ubaya, lakini alilia hata hivyo, sababu kazi ilihitaji alie.

Filme ilidumu zaidi ya mwaka kutengenezwa. Wakati ule Chaplin na mke wake walikuwa wakiachana, na maavoka wa bibi walitaka kukamata filme kama mali ya ndoa. Chaplin akakimbia na filme yake mpaka Salt Lake City, katika jimbo la Utah, akaikata na kuiunga ndani ya hoteli. Mwishoni, katika Januari 1921, ilionyeshwa New York, halafu dunia nzima. Ikafaulu ajabu.

MTOTO TAJIRI

Kutoka pale Jackie akawa sawa mfalme mdogo. Alicheza Peck's Bad Boy mwaka wa 1921 na Oliver Twist mwaka wa 1922. Zikafuata nyingine nyingi. Mwaka wa 1923 kampuni ya Metro ilimlipa dola 500,000 kwa kutia sahihi ya kontra tu, bila kuhesabu mishahara iliyofuata. Wafanya biashara waliuza sanamu za kuchezea zenye sura yake, karatasi za kuandikia, filimbi, hata karanga za kusaga zenye jina lake. Nywele zake, zilizokatwa sawasawa kwenye paji la uso, ziliigwa na watoto wa miji mingi.

Mwaka wa 1924 alifanya jambo ambalo tunaona inafaa kulisifu. Baada ya mauaji ya Waarmenia na vita kati ya Wagiriki na Waturuki, maelfu ya yatima walikuwa na njaa. Jackie, wa miaka tisa, alizunguka Marekani na Ulaya kukusanya vyakula na nguo kwa ajili yao, pamoja na shirika la Near East Relief. Vitu vilivyokusanywa vilipita bei ya dola milioni moja. Alifika Ugiriki na msaada ule, na huko Roma alipokelewa na Papa Pio wa XI. Mtoto aliyeigiza yatima katika sinema sasa alikuwa akiwalisha yatima wa kweli.

Na yeye mwenyewe alipokea nini? Kila juma wazazi walimpa dola 6 na senti 25 za mfukoni. Nyingine zote zilipita mikononi mwa baba na mama, ndani ya kampuni ya jamaa yao. Jackie hakuulizia. Aliambiwa feza iko salama, atakapotimiza miaka 21 itakuwa yake.

Lakini mtoto wa sinema ana adui mmoja ambaye hashindwi: kukua. Mwaka wa 1927 walitengeneza filme juu ya kukatwa kwa nywele zake zile mashuhuri, na kweli zikakatwa. Sura ya kitoto ikaondoka. Mwaka wa 1930, sinema ilipokwisha kupata sauti, alicheza Tom Sawyer, na mwaka wa 1931 Huckleberry Finn. Baada ya hapo kazi ikapunguka. Akaingia chuo kikuu, akingoja miaka yake 21.

MSIBA, NA SIKU YA MAHESABU

Tarehe 4 Mei 1935 Jackie alikuwa akirudi kutoka kuwinda ndege upande wa Mexico, pamoja na baba yake, rafiki yake Junior Durkin aliyecheza naye katika zile filme mbili, na watu wengine wawili. Baba alikuwa anaendesha. Katika milima ya kusini ya California motokari ikatoka njiani, ikaanguka. Wanne wakafa. Jackie peke yake akapona.

Oktoba ya mwaka ule akatimiza miaka 21. Feza haikuja. Mama yake akaolewa na Arthur Bernstein, aliyekuwa msimamizi wa mali ya jamaa. Jackie akangoja tena, na alipouliza, jibu likawa kwamba hakuna kitu chake. Yeye aliyeingiza, kwa hesabu ya watu wengi, kati ya dola milioni 3 na 4, hakuwa na feza ya kuanzia maisha.

Mwaka wa 1938 alifanya jambo gumu kwa mtoto yeyote: alimpeleka mama yake na baba wa kambo mbele ya tribinali. Mama akajitetea kwa njia mbili. Kwanza, sheria ya California ilisema mapato ya mtoto mdogo ni mali ya wazazi wake. Na hiyo ilikuwa kweli! Sheria ilikuwa hivyo tangu karne ya 19, wakati watoto walipofanya kazi katika mashamba ya baba zao na hakuna aliyefikiri juu ya sinema. Pili, alisema Jackie hakufanya kazi kweli, alikuwa anacheza tu mbele ya mashini ya picha, akifurahi. Wasomaji, kumbukeni yale machozi ya kamyo.

Kesi ilipokwisha mwaka wa 1939, ilionekana kwamba mali karibu yote imekwisha liwa: motokari, manyoya ya bei kali, almasi. Kulibaki kama dola 250,000 hivi, zikagawanywa. Jackie akapata karibu dola 126,000, na gharama za maavoka zikakula ndani yake. Inasimuliwa kwamba wakati wa taabu hizo alimwendea Chaplin kuomba msaada, na Chaplin akampa dola 1,000 bila kusitasita.

Watu wa California waliona haya. Mwaka ule ule wa 1939 walitunga sheria ambayo watu wanaiita Sheria ya Coogan. Hakimu aliyehakikisha kontra ya mtoto aliweza kuamuru sehemu ya mapato yake iwekwe pembeni mpaka mtoto akue. Lakini sheria ile ilikuwa na matundu. Kontra isiyopitishwa mbele ya hakimu haikulindwa, na watoto wengi waliumia bado. Ndiyo sababu ilitengenezwa upya, na tangu mwaka wa 2000 inasema wazi kwamba mapato ya mtoto ni mali ya mtoto mwenyewe, na kwamba sehemu 15 kwa mia lazima iwekwe banki kwa jina lake, katika akiba ambayo mzazi hawezi kuigusa. Jackie mwenyewe sheria hiyo haikumrudishia hata senti moja. Ilikuja kwa ajili ya waliomfuata.

VITA, NA KURUDI

Katika Machi 1941 Jackie aliingia jeshi la Marekani, kabla nchi yake haijaingia vitani. Akajifunza kuendesha ndege zisizo na injini, zile zinazovutwa na ndege nyingine kwa kamba halafu zinaachwa zishuke zenyewe kimya. Katika Machi 1944, usiku, alikuwa kati ya marubani walioshusha askari wa Uingereza katika pori la Burma, mbali nyuma ya majeshi ya Wajapani. Hakuna kurudia picha pale: ukikosa uwanja, umekwisha. Na tuseme kwamba katika vita ile ya Burma waliokuwamo ni pia askari wa Afrika Mashariki na wa Nigeria, na hospitali ya jeshi iliyotoka Congo yetu, wakati wa Wabelgiji. Mtoto wa sinema wa Los Angeles na wazee wetu walitembea katika matope ya nchi moja.

Baada ya vita alirudi kutafuta kazi kama mchezaji yeyote. Alikubali kazi ndogo ndogo, zile za mtu anayefungua mlango na kusema maneno mawili. Halafu, toka mwaka wa 1964 mpaka 1966, akapata jina mara ya pili katika televizio, ndani ya mchezo wa The Addams Family. Alikuwa Uncle Fester, mjomba wa kuogopesha na kuchekesha: kichwa bila unywele hata mmoja, macho meusi, anatia balbu ya umeme mdomoni na balbu inawaka. Watoto wa Marekani walimpenda sana, na wengi wao hawakujua kwamba mnene yule mwenye kipara ndiye yule mtoto mzuri wa nywele ambaye baba na mama zao walimlilia.

Mwaka wa 1972 Chaplin, mzee wa miaka 82, alirudi Marekani kupokea heshima baada ya kukaa mbali miaka 20. Watu wengi mashuhuri walikuja kumsalimu. Alipomwona Jackie, mwenye miaka 57 na mwili mkubwa, alimtambua, akamkumbatia na kulia. Katika miaka ile ile nakala ya Oliver Twist, filme iliyodhaniwa imepotea, ilipatikana Yugoslavia, bila maandishi yake ya Kiingereza. Jackie pamoja na Sol Lesser, aliyesimamia filme ile zamani, walikaa wakasaidia kurudisha maneno. Fikirini: mzee anaangalia midomo ya mtoto aliyekuwa yeye miaka 50 mbele, akijaribu kukumbuka alisema nini.

Jackie Coogan alifariki Santa Monica tarehe 1 Machi 1984, kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka 69.

TUNALOTAKA KUULIZA

Tulipoongea habari hii katika chumba cha kulala, ndugu walibishana mpaka taa ikazimwa. Wengine walisema hakuna mtoto anayefaa kumshitaki mama yake, amri ya Mungu iko wazi. Wengine wakajibu kwamba kuheshimu mzazi si kumwachia aibe.

Sisi tunaona hivi. Kati yetu wako wengi wanaouza mandazi sokoni wakati wa mapumziko, au wanaolima pamoja na wazazi, na feza ile inalipa minervali na chumvi ya nyumbani. Hapo hakuna wizi. Kila mtu anaona kinachoingia na kinachotoka, na anayelima anakula. Jackie naye alilishwa, alivikwa, na wazazi wake walimfungulia njia. Bila baba yake asingejulikana. Wangechukua sehemu yao, nani angelalamika? Ubaya ulikuwa katika kuficha hesabu, na katika kumwambia mtoto kwamba jasho lake lilikuwa mchezo tu.

Basi tunaomba kila darasa lijadiliane: mtoto akifanya kazi na kuleta feza nyumbani, nani anafaa kuandika hesabu, na mtoto aanze kuiona akiwa na miaka mingapi? Majibu yaletwe kwetu kabla ya siku ya posho, yaliyoandikwa vizuri yatapigwa mashini katika toleo linalokuja. Ndugu wa mwaka wa kwanza wasiogope kuandika, habari hii inawahusu kuliko wote.

Tunawatakia masomo mema.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita